Sura ya 7: Msomaji na Riwaya za Zama za Kati

Riwaya ya kihistoria ni hadithi ya kubuni inayotungwa juu ya wakati ambao mwandishi hakuuishi, na ambao hulazimika kuujua kwa njia ya hati, magofu na maandishi ya waliomtangulia. Mabishano mengi ya wasomaji wa utanzu huu huzuka wanaposoma riwaya za Zama za Kati, yaani kipindi ambacho wanahistoria wa Ulaya hukihesabu tangu kuanguka kwa dola ya Roma ya Magharibi katika karne ya 5 hadi mwishoni mwa karne ya 15. Msomaji mmoja huisifu riwaya kwa kuwa imemwingiza katika dunia asiyoijua, na mwenzake huiweka chini riwaya hiyo hiyo akidai kwamba imewavika watu wa leo mavazi ya watu wa kale. Sura hii inaeleza hukumu hizo hutoka wapi, na inashikilia kwamba kipimo kilicho imara kuliko vyote ni mipaka ya fikra ambamo wahusika hufanya maamuzi yao, wala usahihi wa vitu vinavyowazunguka hautoshi peke yake.

Lawama inayotolewa upesi zaidi ni ya kukiuka wakati, yaani kukiweka katika kipindi fulani kitu, neno au wazo ambalo lilikuwa bado halijafika. Mfano mwepesi ni wa chakula: viazi mviringo, nyanya na mahindi ni mazao yenye asili ya Amerika, kwa hiyo hayakuweza kuwamo katika chungu cha mkulima wa Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Mwandishi anayemlisha mkata kuni wa karne ya 12 mchuzi wa viazi humpa msomaji makini sababu ya kuyatilia shaka mengine yote, kwa kuwa aliyeshindwa kukikagua chungu huenda hakuikagua pia sheria ya ndoa, kodi ya ardhi wala mamlaka ya askofu. Hata hivyo kosa la namna hii ni la juu juu, kwani mhariri aweza kulifuta kwa mstari mmoja na hadithi ikabaki kama ilivyokuwa.

Makosa yenye mizizi mirefu zaidi yanaonekana katika Ivanhoe, riwaya ya Walter Scott iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1819 na kuwavutia waandishi wengi kuzigeukia Zama za Kati. Hadithi yake imewekwa katika Uingereza ya mwaka 1194, wakati Mfalme Richard wa Kwanza anarejea kutoka utekwani baada ya Vita vya Msalaba, na inawaonyesha Wasaksoni na Wanormani wakichukiana kana kwamba uvamizi wa mwaka 1066 ulikuwa wa juzi, ingawa zaidi ya miaka 120 ilikuwa imepita na koo nyingi zilikuwa zimekwisha kuoana. Katika waraka unaoitangulia riwaya hiyo, aliouandika kwa jina la kubuni la Laurence Templeton, Scott anajitetea kwamba mwandishi ana ruhusa ya kuzieleza desturi za kale kwa lugha ya wakati wake, kwa sababu hisia kuu za binadamu ni zile zile katika kila zama. Utetezi huo una nguvu, maana bila ya kiasi fulani cha tafsiri hakuna msomaji ambaye angeielewa hadithi, lakini unaacha swali ambalo waandishi waliofuata walilazimika kulijibu kila mmoja kwa njia yake: ni hisia zipi zinazotushirikisha sisi na wahenga, na zipi zilizokuwa zao peke yao?

Jibu lenye uzito mkubwa lilitoka Norway kwa Sigrid Undset, binti wa mwanaakiolojia Ingvald Undset, ambaye kati ya mwaka 1920 na 1922 alichapisha vitabu vitatu vya Kristin Lavransdatter, na ambaye Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliyopewa mwaka 1928 ilitaja hasa uchoraji wake wa maisha ya watu wa Kaskazini katika Zama za Kati. Kristin, msichana wa karne ya 14, anamkataa mchumba aliyechaguliwa na baba yake, anampenda mwanamume mwingine, Erlend, na anasimama siku ya harusi akiwa tayari na mimba. Mwandishi mwenye pupa angemfanya shujaa wa uhuru wa wanawake; Undset anamwacha aone alichokifanya kwa macho ya zama zake, yaani kama dhambi mbele ya Mungu na aibu juu ya ukoo. Baada ya kujifungua, Kristin anafunga safari ya toba kwenda Nidaros, mji unaoitwa leo Trondheim, akitembea kwa miguu huku amembeba mwanawe, ili akalitoe taji lake la dhahabu kwenye kaburi la Mtakatifu Olav. Msomaji wa leo aweza kuona kwamba mzigo huo ni mkubwa kuliko kosa lenyewe, lakini hawezi kusema kwamba Kristin amebebeshwa mawazo ya karne nyingine, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hiyo.

Ken Follett, aliyekuwa amejipatia jina kwa riwaya za kijasusi kabla ya kuchapisha The Pillars of the Earth mwaka 1989, huwagawa wasomaji katika pande mbili, na kila upande una haki yake. Kitabu hicho kinasimulia ujenzi wa kanisa kuu katika mji wa kubuni wa Kingsbridge, wakati wa vita vya kugombea taji la Uingereza kati ya Stephen na Matilda, na kinaishia baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Thomas Becket mwezi Desemba 1170. Katika mambo ya mawe Follett hana mzaha: dari la mawe likijengwa juu ya kuta zilizokusudiwa kubeba paa la mbao, uzito wake huzisukuma kuta nje, na katika riwaya dari la namna hiyo linawaporomokea waumini wakiwa ibadani. Jack, fundi kijana, anakwenda hadi Saint-Denis karibu na Paris, ambako Abate Suger alikuwa akilijenga upya kanisa lake kwa matao yaliyochongoka, na ambako sehemu mpya ya mashariki iliwekwa wakfu kweli mwaka 1144. Msomaji anajifunza ujenzi bila kuhisi kwamba yumo darasani. Udhaifu unaolalamikiwa uko kwenye vichwa vya wahusika, ambao mara nyingi hufikiri kuhusu mapenzi, kazi na kujiendeleza kama watu wa mwishoni mwa karne ya 20, huku waovu wakiwa waovu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo jengo ni la karne ya 12 na wajenzi ni wa jana.

Hata hivyo, msomaji anapaswa kujihadhari asiliite kosa kila jambo linalofanana na usasa. Umberto Eco, msomi wa Italia aliyekuwa ameitafiti Falsafa ya Zama za Kati kwa miaka mingi, aliiweka Il nome della rosa (1980) katika abasia ya kaskazini mwa Italia mwezi Novemba 1327, ambako Mfransisko William wa Baskerville anachunguza vifo vya watawa akiandamana na novisi Adso, yaani kijana aliyeko katika malezi ya utawa. William anavaa miwani, na msomaji asiye na habari hudhani kwamba mwandishi ameteleza, kumbe miwani ilikuwa imeanza kutengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13, na watawa wenzake wanaishangaa kama kitu kigeni. Eco alieleza baadaye kwamba maneno ambayo wasomaji waliyaona kuwa ya kisasa mno mara nyingine yalikuwa yametoka katika maandishi ya karne ya 14 yenyewe. Sura zake hazikugawanywa kwa saa, zimefuata vipindi vya sala, mpangilio ambao hautamtatiza msomaji wa Kiswahili aliyezoea kupanga miadi baada ya alasiri, wala anayewajua watawa Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda. Watawa wanaogombana humo kama Kristo alimiliki mali au la wanagombania jambo lililotikisa Kanisa kweli, na ambalo Papa Yohane wa Ishirini na Mbili alikuwa amelitolea hukumu mwaka 1323.

Zama hizo pia hazikuwa mali ya Ulaya peke yake. Jurji Zaydan, mzaliwa wa Beirut aliyeanzisha jarida la al-Hilal mjini Cairo mwaka 1892, aliandika riwaya zaidi ya 20, nyingi zikiwa juu ya historia ya Uislamu. Waandishi Amin Maalouf, mwaka 1986, na Radwa Ashour, katika miaka ya 1990, walikusimulia kuanguka kwa Granada, mji wa Waislamu katika Hispania, kwa upande wa walioshindwa. Riwaya hizi humkumbusha msomaji kwamba ukweli wa riwaya hutegemea pia ni nani amepewa nafasi ya kusimulia.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina malighafi ya kutosha, na kipimo kilichoelezwa hapa chaweza kujaribiwa juu yake. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka minne tu baada ya siku za William katika abasia, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba la Husuni Kubwa linahusishwa naye. Mwandishi wa riwaya ya Kilwa hiyo atajiepusha kwa urahisi na ugali wa mahindi, muhogo na mashamba ya karafuu, kwa kuwa vyote vilikuja baadaye. Mtihani wake utakuwa katika kisa anachokisimulia msafiri huyo: fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizozivaa, naye akarudi ndani, akabadili, akampa papo hapo, kisha mwana wa sultani akazichukua nguo hizo na kumlipa fakiri watumwa kumi, na sultani, aliposikia watu wanavyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu na utumwa vimo katika tendo moja, na waliokuwapo hawakuona mgongano wowote. Mwandishi atakayemgeuza sultani huyo kuwa mkombozi wa watumwa ili apendeke atakuwa ameikosea karne nzima, na atakayemfanya dhalimu asiye na imani atakuwa amekosea vile vile. Atakayeweza kumwonyesha akiwa mcha Mungu, mpaji na mmiliki wa watu kwa wakati mmoja, huku akimpa sauti pia mmoja wa wale ishirini waliotolewa zawadi, ndiye atakayekuwa ameandika riwaya ya Zama za Kati.