Kufutwa na Kuzuiwa kwa Matokeo ya Mitihani ya Taifa: Tofauti ambayo Mzazi wa Rukwa Anapaswa Kuifahamu

Matokeo ya mitihani ya Taifa yanapotangazwa, shughuli nyingi katika Manispaa ya Sumbawanga na vijiji vya nyanda za juu za Ufipa husimama kwa muda. Mzazi asiye na simu ya intaneti huazima ya jirani, au hutembea hadi shuleni kutafuta namba ya mtahiniwa ya mwanawe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Wengi hukuta daraja. Wachache hukuta taarifa ya namna nyingine, kwamba matokeo ya mtoto yamefutwa au yamezuiwa.

Maneno hayo mawili hukaribiana masikioni, lakini hayana maana moja kisheria na hayana hatima moja kwa mtoto. Kuyachanganya kunaweza kumbebesha mtoto aliyekuwa mgonjwa aibu ya udanganyifu ambao hakuufanya. Kunaweza pia kumfanya mzazi akae kimya, akidhani mlango umefungwa, wakati mwanawe ana fursa ya kurudi katika chumba cha mtihani.

Mamlaka ya Baraza

Chombo chenye jukumu la kuendesha mitihani hiyo ni Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, miaka miwili baada ya Tanzania kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Sheria hiyo, ambayo sasa ni Sura ya 107 ya Sheria za Tanzania, ikisomwa pamoja na Kanuni za Mitihani za mwaka 2016, inalipa Baraza uwezo wa kutunga, kuendesha na kusahihisha mitihani, kutoa vyeti, na kuchukua hatua pale utaratibu unapokiukwa.

Mwalimu mkuu, afisa elimu au msimamizi wa mtihani hana mamlaka ya kufuta matokeo ya mtahiniwa. Kazi ya msimamizi ni kuandika taarifa ya alichokiona na kuiwasilisha pamoja na vielelezo. Uamuzi hufanywa na Baraza baada ya kupitia taarifa hizo pamoja na zile za wasahihishaji, ambao nao hubaini mengi wakiwa mezani, ikiwemo majibu yanayofanana isivyo kawaida kati ya watahiniwa wa kituo kimoja, au miandiko miwili tofauti katika kijitabu kimoja cha majibu.

Matokeo yanapofutwa

Matokeo hufutwa pale inapothibitika kuwa mtahiniwa amefanya udanganyifu. Makosa hayo ni pamoja na kuingia na maandishi yasiyoruhusiwa katika chumba cha mtihani, kukutwa na simu, kupokea au kutoa majibu, na kufanyiwa mtihani na mtu mwingine. Kuandika matusi katika karatasi ya majibu nako husababisha matokeo kufutwa. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 333 kwa udanganyifu na ya wengine 4 kwa kuandika matusi.

Jambo ambalo familia nyingi hazilitarajii ni kwamba hufutwa matokeo yote. Kijana aliyekutwa na kikaratasi katika somo moja hapotezi somo hilo pekee, bali hupoteza mtihani mzima, hata masomo aliyoyafanya kwa jasho lake mwenyewe.

Matokeo yanapozuiwa

Kuzuiwa kwa matokeo ni jambo tofauti. Katika kila tangazo la matokeo, Baraza hutaja idadi ya watahiniwa ambao matokeo yao yamezuiwa kwa sababu walipata matatizo ya kiafya na kushindwa kufanya mtihani kwa masomo yote au kwa idadi kubwa ya masomo. Watahiniwa hao hawana kosa. Kanuni za Mitihani zinawapa fursa ya kufanya mtihani huo mwaka unaofuata, na hatua ya kuzuia matokeo inalenga kuwalinda wasihukumiwe kwa alama za mtihani ambao hawakuukamilisha.

Kwa hiyo binti wa Laela aliyelazwa kwa malaria kali katikati ya wiki ya mtihani hapaswi kunyooshewa kidole kijijini. Kinachotakiwa ni mzazi kumjulisha mkuu wa shule mapema, kutunza nyaraka za matibabu, na kuhakikisha kuwa jina la mtoto linarudi katika orodha ya watahiniwa wa mwaka unaofuata.

Kosa la mtu mzima na hatima ya mtoto

Mara nyingi udanganyifu hauanzi na mtoto. Historia ya nchi inaonesha hivyo. Mwaka 1998 mtihani wa kidato cha nne ulifutwa nchini kote baada ya kuvuja, na maelfu ya vijana wasiohusika kwa lolote wakalazimika kurudia.

Oktoba 2018 Baraza lilifuta matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa shule zote za Halmashauri ya Wilaya ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na baadhi ya shule za Kondoa, Dar es Salaam na Mwanza, baada ya kubainika kuvuja kwa mtihani. Watoto hawakuachwa hapo, kwani mtihani mwingine uliandaliwa na wakaufanya Oktoba 8 mwaka huohuo.

Hali kama hiyo ilijitokeza tena mwaka 2022. Akitangaza matokeo ya darasa la saba Desemba 1, Kaimu Katibu Mtendaji wa Baraza, Athumani Amasi, alieleza kuwa matokeo ya watahiniwa 2,194 yamefutwa kwa udanganyifu na kwamba vituo 24 vya mitihani vimefungiwa. Ikilinganishwa na watahiniwa zaidi ya milioni 1.3 waliofanya mtihani, idadi hiyo ni ndogo. Kwa kila familia iliyoguswa, hata hivyo, ilikuwa ni miaka saba ya ada ndogondogo, sare na madaftari iliyokuwa hatarini kupotea. Serikali, kupitia kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Profesa Adolf Mkenda, iliamua watoto hao wapewe mtihani mwingine, nao ukafanyika Desemba 21 na 22, kabla ya muhula wa Januari 2023 kuanza.

Maamuzi hayo mawili yanaonesha pande mbili za sera. Mtihani uliochafuliwa hauwezi kuachwa usimame, kwa sababu nafasi anayoipata mtoto aliyepewa majibu hulinganishwa na ya mtoto wa Mtowisa au Wampembe aliyesoma kwa taa ya sola bila kupewa chochote. Wakati huohuo, mtoto wa miaka 13 aliyeongozwa na mwalimu wake kuvunja kanuni hawezi kupimwa kwa mizani ileile na mtu mzima aliyempa majibu. Ni muhimu hata hivyo wazazi wakafahamu kuwa marudio ya mwaka 2018 na 2022 yalitokana na maamuzi ya wakati huo, hivyo mtu asiingie katika udanganyifu akitegemea kwamba mtihani wa pili utakuwepo.

Kwa upande wa watu wazima, kuvujisha mtihani ni kosa la jinai. Mwalimu wa shule ya umma hukabiliwa pia na hatua za kinidhamu kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu, na pale fedha inapotumika kununua majibu, suala hilo huingia katika mikono ya TAKUKURU. Kituo kinachofungiwa hubaki hivyo hadi Baraza litakapojiridhisha kuwa ni salama, na katika kipindi hicho wanafunzi wa shule husika hulazimika kufanyia mtihani katika kituo kingine.

Safari ya bahasha

Rukwa ni mfano mzuri wa ugumu wa kulinda mtihani. Kutoka Sumbawanga, bahasha zilizofungwa husafirishwa kuelekea Matai wilayani Kalambo, Namanyere wilayani Nkasi na Laela katika Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, kisha hadi vituo vilivyo mbali zaidi. Baadhi ya njia huteremka kutoka uwanda wa Ufipa hadi Bonde la Ziwa Rukwa, na nyingine huelekea mwambao wa Ziwa Tanganyika. Barabara ya Sumbawanga–Matai–Kasanga peke yake ina urefu wa kilomita 112.

Katika kila hatua ya safari hiyo kuna mkono unaopokea na saini inayothibitisha. Kamati za Uendeshaji Mitihani za Mkoa na za Halmashauri ndizo zinazohakikisha kuwa bahasha zinahifadhiwa chini ya ulinzi, wasimamizi wanateuliwa kwa uadilifu, na mazingira ya vituo ni tulivu. Bahasha iliyofunguliwa kabla ya wakati katika kituo kimoja tu inaweza kuathiri nchi nzima, kwa kuwa picha moja ya simu husafiri kutoka mwambao wa ziwa hadi Dar es Salaam kabla gari lililoileta bahasha hiyo halijapanda mlima kurudi mjini.

Mifumo nayo imesaidia. Mwaka 2011 matokeo ya watahiniwa 9,736 wa darasa la saba yalifutwa kwa udanganyifu. Mwaka 2012, Baraza lilipoanza kutumia fomu maalumu za majibu zinazosahihishwa kwa kompyuta, idadi ilishuka hadi 293. Nchini Kenya, matokeo ya watahiniwa 5,101 wa mtihani wa sekondari wa mwaka 2015 yalifutwa, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikaanza kuhifadhi mitihani katika makontena yenye kufuli mbili, ili mtu mmoja asiweze kufungua peke yake.

Kwa nini jambo hili halimaliziki katika chumba cha mtihani

Aprili 2017 Rais Dkt. John Magufuli alipokea jijini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, iliyobaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki huo ulifanywa kwa kulinganisha vyeti vyao na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Baadhi yao walikuwa na miaka mingi kazini na familia zilizowategemea. Kumbukumbu za mtihani hazizeeki, na mtu aliyeanza safari kwa hila huishi akisubiri siku itakapofunuliwa.

Wajibu wa kila mmoja

Mzazi anaweza kuanza na mambo madogo. Ahakiki mapema kuwa jina na taarifa za mwanawe zimesajiliwa kwa usahihi. Akatae mchango wowote unaoombwa kwa ajili ya “kuwasaidia watoto” siku ya mtihani, na atoe taarifa kwa Afisa Elimu, Polisi au TAKUKURU. Amkague mtoto mfukoni kabla hajaondoka nyumbani, na simu ibaki nyumbani. Familia isiyoridhika na alama inaweza kupitia utaratibu wa rufaa ya matokeo uliowekwa na Baraza, badala ya kusikiliza watu wanaodai kuwa wanaweza kubadilisha matokeo kwa malipo.

Mwanafunzi naye akumbuke kuwa daraja la chini lililo lake linaweza kuboreshwa, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne unaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kujitegemea. Matokeo yaliyofutwa hayampi hata pa kuanzia.

Septemba inapofika, upepo wa kiangazi ukivuma juu ya uwanda wa Ufipa, watoto wa darasa la saba huingia vyumba vya mtihani wakiwa na kalamu na miaka saba ya kusoma. Jukumu la watu wazima wanaowazunguka ni kuhakikisha kuwa hakuna anayeongeza kitu kingine juu ya hivyo viwili.