"Abide by": Kutii, Kufuata au Kutimiza?

Mfasiri wa Likasi, katika Haut-Katanga, aghalabu hukifikia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa. Akikutana na kitenzi abide by hukipitisha kwanza katika respecter, kisha huandika kuheshimu: kuheshimu sheria, kuheshimu mapatano, kuheshimu saa. Hilo si kosa, na masikio ya wengi yamekwisha lizoea. Hata hivyo, linaacha swali moja bila jibu: anayeheshimu alikubali, au aliamriwa?

Abide peke yake, kwa maana yake ya kale, ni kukaa au kungoja. Siku hizi husikika zaidi katika ukanushi, kwa maana ya kutovumilia. Kinachogeuza maana ni kihusishi by. Kiswahili hupata mageuzi ya namna hiyo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa unyambuaji: simama na simamia, kaa na kalia. Lakini wazo la kukaa halikupotea katika Kiingereza: mtu hubaki pale alipokubali kubaki, hata kama hapapendi.

Hapo ndipo kutii kunaposhindwa, kwani mwenye kutii ana mkubwa wake. Mnamo Septemba 1961 mji huohuo, ukiitwa bado Jadotville, ulishuhudia askari wa Ireland zaidi ya 150, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, wakizingirwa na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Mapigano yalianza tarehe 13. Tarehe 16 pande mbili zilipatana kuyasitisha. Kesho yake Waayalandi, wameishiwa risasi na maji, walijisalimisha. Kitenzi hicho cha Kiingereza kikitumiwa kwa mapatano ya tarehe 16, hakiwezi kuwa kutii, maana walioafikiana walikuwa wawili. Kitakuwa kutimiza, au kushika.

Kufuata, ambako vinywani mwa wenyeji ni kufwata, ni neno pana, nalo latosha kwa kanuni za kila siku.

Amri ya Rais ya Januari 2004, iliyopiga marufuku uchimbaji wa mikono huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, ni habari nyingine. Ilitoka juu, haikuwa mkataba uliotiwa sahihi na wachimbaji. Waliobaki mashimoni hawakutii, na Julai mwaka huohuo sehemu ya mgodi iliporomoka ikawaua baadhi yao. Mfasiri atakayeandika kwamba hawakutimiza makubaliano atakuwa amewasingizia marehemu ahadi wasiyoitoa.