Safari ya Kurudi Kutoka Ng'ambo Haiishii Dar es Salaam

Watumishi wa Serikali pamoja na wananchi wanaokwenda likizo nchi za nje wanakumbushwa kwamba tarehe ya kurejea kazini hupangwa kwa kuhesabu safari hadi mlangoni pa nyumba, wala si hadi ndege inapotua Dar es Salaam. Ukumbusho huu unawahusu zaidi watumishi kutoka Visiwani ambao, kufuatia uamuzi wa mwaka 2016 wa kuhamishia Serikali ya Muungano Dodoma, wamepata makazi Kizota na kata za jirani. Kwao safari ina kipande kimoja zaidi, na kipande hicho ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote.

Kosa la kwanza hutokea kabla ya safari kuanza, nalo ni la kusoma saa. Tiketi za ndege huandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na siku mpya huanza saa sita kamili ya usiku. Tiketi yenye maandishi 01:30 ya tarehe 15 maana yake ni saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Hivyo msafiri anapaswa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 14. Anayekwenda uwanjani jioni ya tarehe 15 hukuta ndege yake imeondoka tangu usiku uliotangulia. Wazee wa mwambao, ambao huuhesabu usiku kabla ya mchana wake, wasingekosea hapa, kwani kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Vijana waliozoea kusema "Ijumaa usiku" ndio wanaohitaji kuangalia mara mbili.

Ipo pia tofauti ya saa kati ya nchi na nchi. Tanzania haibadilishi saa zake. Uingereza hubadilisha, kwa hiyo iko nyuma ya Tanzania kwa saa tatu majira ya baridi na kwa saa mbili majira ya joto. New York na Toronto ziko nyuma kwa saa nane au saba. Guangzhou, waendako wafanyabiashara wengi, iko mbele kwa saa tano. Mwili hujirekebisha polepole, takriban saa moja kwa kila siku, na huona uzito zaidi msafiri anapoelekea mashariki. Anayetoka Ulaya atachoka kwa kukosa usingizi tu. Anayetoka Marekani anaweza kukesha macho makavu kitandani na kusinzia mezani ofisini kwa takriban wiki nzima. Huo si uvivu, na wakuu wa vitengo wanaombwa kulifahamu jambo hilo.

Ndani ya ndege hewa ni kavu sana, na mgandamizo wake hufanana na ule wa mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, ambapo ni juu kuliko Dodoma yenyewe. Abiria anashauriwa kunywa maji mara kwa mara na kupunguza pombe. Kukaa kitini kwa saa nne au zaidi bila kutembea huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Waja wazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni na wenye historia ya maradhi hayo waonane na daktari kabla ya kusafiri. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana, hata siku kadhaa baada ya kufika, msafiri aende hospitali mara moja na aeleze kwamba ametoka safarini.

Abiria wengi hubadili ndege Doha, Dubai, Addis Ababa au Istanbul, kisha hufika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, katika Jengo la Tatu la Abiria lililoanza kutumika mwaka 2019. Hapo hukaguliwa pasipoti, na mizigo huchukuliwa ili ipite forodha, hata kama lebo yake imeandikwa Dodoma. Anayebeba fedha taslimu zinazofikia thamani ya Dola za Marekani 10,000 au zaidi anapaswa kuzitolea taarifa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo zawadi zifungwe katika vitu vingine.

Ndege za ndani huondokea Jengo la Pili, ambalo limejitenga na lile la Tatu, na msafiri hana budi kutoka nje na mizigo yake. Kwa sababu hiyo si busara kuacha saa moja au mbili tu kati ya ndege hizo. Jambo la tiketi nalo lisidharauliwe. Safari yote ikiwa katika tiketi moja, shirika lililochelewesha abiria huwajibika kumtafutia nafasi nyingine. Tiketi zikiwa mbili zilizonunuliwa mbalimbali, shirika la pili huhesabu kwamba abiria hakutokea, na nauli inaweza kupotea yote.

Asiyepata ndege anayo reli ya kisasa, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024 na hutumia takriban saa nne. Stesheni yake iko katikati ya jiji, mbali na uwanja wa ndege, na foleni za barabarani zihesabiwe.

Njia ya tatu ni barabara, na hapa ndipo tahadhari inapohitajika zaidi. Ndugu na jamaa, kwa mapenzi mema, hutoka Kizota na gari usiku ili kumpokea mgeni wao, kisha hugeuza siku hiyo hiyo. Mwendo ni wa kilomita 450 hivi kila upande. Dereva hakulala, mgeni hakulala, watoto wamelala nyuma, na barabara ya Morogoro imejaa malori ya mizigo. Aliyevuka bahari na majangwa salama huja kupata ajali akiwa amekaribia kwao. Familia zinashauriwa kulala Dar es Salaam usiku mmoja, au kuwa na dereva wa pili aliyepumzika. Msafiri mwenyewe asishike usukani siku ya kufika, hata akijisikia mzima.

Gharama ya usiku huo mmoja, pamoja na siku moja ya mapumziko Kizota kabla ya kuripoti kazini, ziwekwe katika mpango wa likizo tangu mwanzo. Fomu ya likizo ijazwe kwa hesabu hiyo.

Mzigo usipoonekana, taarifa itolewe dawatini kabla ya kutoka uwanjani, na nakala yake itunzwe pamoja na kipande cha lebo. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku saba tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21. Dawa za kila siku, funguo za nyumba na nyaraka za kazi zibaki katika mkoba wa mkononi.