Gumba linauma: besi ya nyuzi nne au tano kwa kijana wako?

Kama una kijana anayepiga gitaa la besi kwenye kwaya au bendi ya harusi, pale Nshamba au kwingineko wilayani Muleba, wiki hii nakuomba uutazame mkono wake. Akilalamika kuwa gumba linauma, au ukimwona asubuhi anakung'uta kiganja kwa sababu kimekufa ganzi, usimwambie ni uchovu tu.

Vijana wengi wanapenda kupiga besi kwa mtindo wa slapu. Badala ya kugusa nyuzi taratibu kwa vidole viwili, mpigaji hugonga uzi mnene kwa upande wa gumba, kisha huvuta uzi mwembamba kwa kidole cha shahada na kuuachia ghafla. Aliyeupa mtindo huu umaarufu ni Mmarekani Larry Graham, katika miaka ya 1960. Alikuwa akipiga muziki na mama yake bila mpiga dramu, hivyo gumba lake likafanya kazi ya dramu kubwa na kidole kazi ya dramu ndogo.

Sasa piga hesabu. Wimbo wa dakika nne wenye midundo 110 kwa dakika una midundo 440. Kijana akipiga mara mbili kwa kila mdundo, mkono umefanya kazi mara 880, na huo ni wimbo mmoja tu. Ongeza mazoezi ya Jumamosi na ibada ya Jumapili. Kisha kumbuka kuwa mkono huohuo umeshika panga shambani, umechuma kahawa na umeandika daftari zima la shule.

Nne na tano zinatofautiana nini?

Besi ya nyuzi nne ina uzi mnene kabisa ukingoni, hivyo gumba huugonga kwa uhuru na kurudi. Besi ya nyuzi tano huongezewa juu yake uzi mwingine mnene zaidi. Hapo mambo matatu hubadilika.

Kwanza, shingo ya gitaa huwa pana. Kijana mwenye kiganja kidogo hulazimika kukunja kifundo cha mkono wa kushoto ili vidole vifike, na kifundo kilichokunjwa kwa muda mrefu hubana neva inayopita ndani yake. Pili, mara nyingi nyuzi husogeleana, hivyo kidole kinachovuta hupata nafasi finyu na mkono mzima hukakamaa. Tatu, uzi wa tano hulia wenyewe usipozuiwa, kwa hiyo kiganja hufanya kazi ya kugonga na ya kunyamazisha kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, gitaa lenyewe mara nyingi huwa zito zaidi, na bega ndilo linalobeba.

Hii haina maana kwamba nyuzi tano ni ugonjwa. Mtu mzima mwenye mbinu nzuri huzipiga miaka mingi bila tatizo. Lakini kwa mtoto anayeanza, nyuzi nne ni salama zaidi, hasa gitaa fupi ambalo uzi wake una urefu wa sentimita 76 hivi badala ya 86 za kawaida.

Dalili za kuangalia

Maumivu upande wa gumba, karibu na kifundo, huashiria kano zilizovimba. Mwambie akunje gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe ngumi polepole kuelekea upande wa kidole kidogo. Akishtuka kwa maumivu makali, kuna uwezekano kano za gumba zimeumia. Jaribio hili si kipimo cha mwisho, ni sababu ya kumpeleka kwa mtaalamu.

Ganzi au kuchomachoma kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, huashiria neva iliyobanwa. Hii usiicheleweshe. Neva ikibanwa muda mrefu, misuli ya gumba hudhoofika, na kijana huanza kudondosha kikombe au kushindwa kushika kalamu.

Ufanye nini?

Mpumzishe na slapu hadi maumivu yaishe. Kama kwaya haina mpigaji mwingine, ongea na mwalimu wa kwaya. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Usimpe vidonge vya maumivu siku hadi siku kwa kununua dukani, kwani baadhi huumiza tumbo na figo, na pia huficha maumivu huku jeraha likiendelea.

Akirudi kupiga, aanze kwa dakika chache na kupumzika kila baada ya robo saa. Mkanda uwe mpana, na gitaa lipandishwe hadi usawa wa tumbo. Likining'inia magotini kifundo hukunjika. Afundishwe kugonga kwa kuzungusha mkono kama anayefungua kitasa, bila kutumia nguvu. Sauti kubwa ni kazi ya spika, si ya gumba.

Na hapo kwenye spika, linda masikio. Sikio husikia sauti nzito kwa udhaifu, hivyo mpiga besi hushawishika kuongeza sauti. Kiwango cha desibeli 85 huhesabiwa kuwa salama kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua nusu. Zikifika 100, umebaki na dakika 15 tu. Inua spika ielekee kichwani kwake badala ya miguuni, naye hataongeza sauti. Akitoka ibadani masikio yakivuma, ujue yamezidiwa.

Maumivu yakipita wiki mbili, au ganzi ikiwepo hata kidogo, mpeleke kituo cha afya. Kwa watu wa Nshamba, Hospitali ya Rubya haiko mbali, na ikihitajika mtapewa rufaa kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza. Mwende na maelezo kamili: anapiga saa ngapi kwa wiki, gitaa la nyuzi ngapi, na anafanya kazi gani nyingine kwa mkono huo. Daktari asipoambiwa habari ya besi, anaweza kudhani ni jembe peke yake.