Maneno ya Kiingereza ya Uja Uzito: Fahamu Kabla ya Kutia Sahihi



Safari hii tunawaandikia kutoka Uganda. Hapa kwetu mashambani na viwandani watu husema Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kinyarwanda na Kiswahili, lakini karatasi zinazoamua maisha yao ni za Kiingereza. Mkataba wa kazi ni Kiingereza, fomu ya likizo ni Kiingereza, na kadi ya kliniki ya mama mja mzito ni Kiingereza. Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, lakini mezani kwa karani wa shamba bado hakijafika.

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja mchumaji wa chai alifika kwenye ofisi ya tawi letu akilia. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa amemwandikia mwajiri barua kwa Kiingereza chake cha darasa la nne: "I want to leave work because I am pregnant." Yeye alikusudia kuomba likizo ya uzazi. Mwajiri alijibu kwa mistari miwili kwamba amekubali aache kazi. Tulibishana kwa wiki nyingi mpaka akarudishwa kazini na kulipwa haki yake. Chanzo cha taabu yote hiyo kilikuwa neno moja.

Kwa hiyo chama kimeona tueleze maneno machache ambayo kila mama na kila baba mfanyakazi anapaswa kuyajua. Hatutaki mtu awe mwalimu wa Kiingereza. Tunataka asiumizwe nacho.

MANENO YA OFISINI

Tuanze na neno hilo hilo "leave". Lina maana mbili. Ukisema "I leave work", unaondoka au unaacha kazi. Ukisema "maternity leave", hiyo ni likizo ya uzazi. Barua iliyo salama ni hii: "I apply for maternity leave from 3rd June. I will return to work after my leave." Maana yake: naomba likizo ya uzazi kuanzia tarehe 3 Juni, nami nitarudi kazini baada ya likizo yangu. Sentensi ya pili usiiache. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataka mama atoe taarifa, angalau siku saba kabla, kwamba ana nia ya kurudi kazini. Tengeneza nakala mbili, moja itiwe sahihi na karani, ukae nayo nyumbani.

Neno la pili ni "working days", yaani siku za kazi. Sheria hiyo inampa mama siku 60 za kazi, na angalau wiki nne kati yake ziwe baada ya kuzaa au baada ya mimba kuharibika. Baadhi ya makarani huhesabu siku 60 za kalenda, Jumapili zikiwemo, na mama huitwa kazini baada ya wiki nane na nusu. Hesabu sawasawa: anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana wiki kumi, na anayefanya siku tano ana wiki kumi na mbili.

"Full pay" au "full wages" ni mshahara kamili, nao ndio haki ya likizo hii. "Unpaid leave" ni likizo bila malipo. "Sick leave" ni likizo ya ugonjwa. Mimba si ugonjwa, kwa hiyo karani asikuandikie hiyo mahali pa likizo ya uzazi. "Resignation" ni kuacha kazi kwa hiari, na "termination" ni kuachishwa kazi. Ukiona mojawapo ya maneno haya mawili juu ya karatasi unayoambiwa utie sahihi, weka kalamu chini umwite mjumbe wa chama. Kumfukuza mama kwa sababu ana mimba ni kinyume cha sheria.

"Light duty" ni kazi nyepesi. Mama anayebeba magunia au kunyunyiza dawa shambani aseme: "I request light duty because I am pregnant." Akiwa na barua ya mkunga au daktari, ombi lake lina nguvu zaidi.

Nanyi akina baba, "paternity leave" ni likizo ya baba. Sheria inatoa siku nne za kazi kwa mwaka, mara tu mke anapozaa au mimba inapoharibika. Wengi hawaiombi kwa kuwa hawajui jina lake.

MANENO YA KLINIKI

Kwenye kadi utaona herufi "LMP". Hiyo ni siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. "EDD" ni siku unayotazamiwa kujifungua. Wengine huiita "due date". Wakunga huongeza siku saba na miezi tisa. Hedhi ya mwisho ikianza tarehe 10 Januari, EDD ni tarehe 17 Oktoba. Jifunze hesabu hii, maana ndiyo itakayokuonyesha lini upeleke barua ya likizo. Lakini mtoto hana kalenda. Anaweza kuja mapema au kuchelewa, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho.

"BP" ni presha ya damu. "Hb" ni kipimo cha wingi wa damu. Ikiwa chini, mama amepungukiwa na damu. "Gravida" ni idadi ya mimba ulizopata, na "para" ni idadi ya mara ulizojifungua.

Neno moja limewatia wengi aibu bila kosa. Madaktari huandika "abortion" hata pale mimba imetoka yenyewe. Mnyapara akiliona hudhani mama ameitoa kwa makusudi, na maneno huenea kambini. "Spontaneous abortion" ni mimba iliyotoka yenyewe, bila mtu kuitoa. Kwenye barua ya ofisini mwombe daktari aandike "miscarriage", yaani kuharibika kwa mimba. Neno hilo ndilo lililomo katika sheria, na mama huyo naye ana haki ya likizo. Tena kadi ya kliniki ni siri ya mama na mkunga wake. Mnyapara haimhusu.

Sisi wa vyama tunalijua neno "labour" kuwa ni kazi. Hospitalini ni uchungu wa kuzaa. Wenzetu hucheka kisa cha bwana aliyeambiwa na mlinzi getini, "Your wife is in labour", akajibu kuwa mkewe hana kazi, yuko nyumbani. "Labour ward" ni chumba cha kuzalia. "Delivery" kiwandani ni kufikisha mizigo, lakini hospitalini ni kujifungua. "Caesarean section" ni kuzaa kwa upasuaji, na "consent" ni kukubali. Ukiletewa fomu ya "consent", omba uelezwe kwa lugha unayoielewa. Na "confinement", ambalo watu hudhani ni kifungo, katika sheria ni kujifungua.

MANENO YA HATARI

Haya yasingoje. Mume, jirani na mnyapara wayajue pia, maana anayepiga simu ya gari huenda asiwe mama mwenyewe.

"I am bleeding": natokwa na damu.
"My waters have broken": chupa imepasuka.
"The baby is not moving": mtoto hachezi tumboni.
"I have a bad headache and I cannot see well": kichwa kinaniuma sana na sioni vizuri.
"She is having fits": anapata degedege.
"We need transport now": tunahitaji gari sasa hivi.

Likitokea lolote kati ya hayo, mama apelekwe hospitali mara moja, iwe usiku au zamu ya asubuhi.

Tunaomba kila tawi lifanye mambo mawili. Kwanza, nakilini maneno haya kwa mkono, myabandike zahanati na mahali pa kupimia majani. Pili, chagueni dada mmoja na ndugu mmoja wanaosoma Kiingereza, wawe wa kusoma barua za wenzao kabla hazijatiwa sahihi. Yule dada yetu mchumaji alirudi kazini na mwanawe mgongoni. Leo ndiye anayesomea wenzake barua, na kwake hapiti mtu na neno "leave" bila kuulizwa: ni likizo, au ni kuondoka?