Akivurugika Akili Akiwa Mahututi, Ndugu Aitwe Kitandani

Mchimbaji aliyefukiwa na udongo katika machimbo ya Kasulo, hapa Kolwezi nchini Kongo, hata akitolewa hai, huwa bado hajavuka. Mbavu zimevunjika, damu imepungua, kifua kimekosa hewa kwa dakika kadhaa. Analazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, anawekewa oksijeni na dripu. Siku ya pili au ya tatu, watu wakianza kushukuru Mungu, anang'oa mpira wa dripu, anaona nyoka ukutani, anamwita muuguzi kwa jina la mjomba aliyekwisha kufa. Nje ya mlango ndugu wanaanza kunong'onezana habari za ulozi.

Si ulozi, na si kichaa. Ni deliriamu: ubongo kuvurugika ghafla, ndani ya saa au siku chache, kwa sababu mwili umezidiwa. Hali hiyo hupanda na kushuka. Asubuhi anakutambua, jioni hakujui. Tena wengi hawapigi kelele. Wanalala kimya, macho wazi, hawajibu wala hawali, na kwa kuwa hawasumbui mtu, hakuna anayewashughulikia. Jirani zetu wa Zambia walilichunguza jambo hili katika Hospitali ya Chuo Kikuu mjini Lusaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wazima waliopimwa walikuwa nayo.

Kuipima hakuhitaji mashine. Kipimo kinachotumika sana kwa mahututi kilitolewa mwaka 2001 na kundi la Dokta Wesley Ely wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani. Muuguzi anasoma herufi kumi polepole, na mgonjwa anaminya mkono wake kila akisikia A. Kisha maswali mepesi: Jiwe huelea majini? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Mtu wa Kasulo, ambaye kila siku mawe yake yanawekwa kwenye mizani ya depo ya wanunuzi wa madini, angecheka kusikia hilo la tatu. Akishindwa kulijibu, daktari aitwe upesi.

Upesi, kwa sababu nyuma ya deliriamu kuna kitu kinachoisababisha: malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, maambukizi, upungufu wa oksijeni, maumivu yasiyotulizwa, hata kibofu kilichojaa. Hicho ndicho kitafutwe kwanza. Na hapa familia iseme kweli: kama mgonjwa alikuwa akinywa lutuku kila siku, daktari ajue siku hiyohiyo ya kulazwa. Mwili uliozoea pombe kali ukinyimwa ghafla huleta deliriamu ya aina yake, inayoweza kuua, na hiyo hutibiwa kwa dawa. Aibu haina nafasi hapo.

Kwa deliriamu nyingine, dawa zimewaangusha wengi waliozitegemea. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa mahututi 566. Waliopewa haloperidoli hawakupona deliriamu mapema kuliko waliopewa dawa bandia. Mambo ya mikono na midomo yana sifa nzuri zaidi. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake waliwafuata wazee 852 katika wodi za kawaida: waliokumbushwa mahali walipo, wakatembezwa, wakapewa miwani yao, maji ya kunywa na usingizi wa usiku, asilimia 9.9 walipata deliriamu, dhidi ya 15 kwa wenzao. Mwaka 2009 ikaonekana kwamba hata mgonjwa anayepumua kwa mashine, akipunguziwa dawa za usingizi na kuanza mazoezi mapema, deliriamu yake huchukua siku mbili badala ya nne.

Sasa, nani atayafanya hayo yote hapa Kolwezi, ambako muuguzi mmoja ana vitanda vingi? Jibu limelala uani kwenye mkeka. Garde-malade, yule ndugu anayepika, anafua na kukimbilia famasi, hukaa na mgonjwa wodini usiku na mchana, lakini akifika mlango wa mahututi anaambiwa abaki nje.

Hofu ya kumruhusu ni maambukizi, nayo si ya kudharau. Ila Brazili walijaribu katika hospitali zao, na mwaka 2019 wakaripoti: jamaa waliporuhusiwa hadi saa 12 kwa siku, maambukizi hayakuongezeka, na hofu za jamaa zilipungua. Deliriamu yenyewe haikupungua kwa kiasi cha kutajika. Mimi nalisoma hivi: kukaa tu kando ya kitanda hakutoshi, ndugu apewe kazi.

Kazi ya kwanza ni kusema naye. Daktari na muuguzi huzungumza Kifaransa juu ya kichwa cha mgonjwa, ilhali huenda yeye alitoka Kasai na Chiluba ndiyo lugha yake. Aliyevurugika akili hawezi kufukuzana na lugha anayoijua nusu. Ndugu anawe mikono, amshike, aseme polepole: "Yaya, ni mimi mdogo wako. Uko hospitali, hapa Kolwezi. Leo Jumanne, saa nne asubuhi. Shimo liliporomoka, walikutoa, unatibiwa." Baada ya saa moja arudie. Asibishane kuhusu yule nyoka, wala asikubali kwamba yupo. Ampe kitu cha kushika, rozari au kikombe, au amwonyeshe picha ya watoto kwenye simu.

Mchana pazia lifunguliwe, na daktari akikubali mgonjwa akalishwe. Usiku taa ipunguzwe, simu zinyamaze, jenereta isogezwe mbali na dirisha. Kumfunga mikono kitandani kwa kawaida humzidishia fujo. Afadhali mtu wa kumshika.

Na awepo mwenye daftari la shule, aandike kila siku kilichotokea. Huko Ulaya, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa daftari la namna hiyo baada ya kupona hawakusumbuliwa sana na jinamizi la hospitali. Hata hivyo kusahausahau kunaweza kubaki kwa mwaka au zaidi baada ya deliriamu ndefu, kwa hiyo mchimbaji apimwe kumbukumbu na umakini kabla ya kushuka tena shimoni.