Riyali Inayomtoa Mtoto Shambani

Tangu Januari 1, 2026, mtu anayetuma fedha nje ya Marekani kwa kulipa taslimu anakatwa kodi ya asilimia 1. Mswada ulipoanza kujadiliwa mwaka uliotangulia ulitaja asilimia 5, ukateremka hadi 3.5, ndipo ukatua hapo. Kodi hiyo huzungumzwa kama habari ya wahamiaji na hazina ya serikali. Kwangu ni habari ya watoto vilevile. Shirika la Kazi Duniani na UNICEF wanakadiria kwamba mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa wakitumikishwa, milioni 87 kati yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara, na walio wengi wanafanya kazi za kilimo, mara nyingi kwenye shamba la nyumbani kwao. Mtoto wa namna hiyo hana mwajiri wa kushtakiwa. Aliyempa jembe ni mzazi wake. Kinachoweza kumtoa shambani ni mzazi kupata kipato cha kutosha, na fedha za ndugu aliye ugenini zina uwezo huo. Hilo limepimwa, na namna lilivyopimwa ni mojawapo ya kazi nzuri kabisa za uchumi ninazozijua.

Ugumu uko hapa. Ukikuta nyumba zinazopokea fedha kutoka nje zina watoto wengi darasani kuliko zisizopokea, bado hujajua lolote. Fikiria mbolea. Wakulima wawili wamepakana. Mmoja kanunua mbolea akajaza ghala, mwenzake hakununua akavuna haba. Je, ni mbolea? Huenda anayenunua mbolea ndiye pia anayewahi kupanda, anayepalilia mara mbili, aliyerithi kipande chenye rutuba. Ili uipime mbolea yenyewe, ingebidi lori lipite usiku likidondosha mifuko ovyo, shamba hili lipate mitatu, la jirani mmoja, la tatu likose kabisa, na dereva asijue nani mchapakazi na nani mvivu. Tena lipite wote wakiwa wamekwisha panda, asiwepo wa kupanua shamba kwa kutegemea mifuko ijayo. Kwa fedha za wahamiaji, lori hilo lilipita kweli.

Lilipita Asia, Julai 1997. Thailand iliacha kuitetea sarafu yake tarehe 2, na siku chache baadaye peso ya Ufilipino ikaporomoka nayo. Dola moja iliyokuwa ikipata peso 26 hivi, mwaka uliofuata ikawa inapata 40 na ushei. Riyali ya Saudi Arabia imefungwa kwenye dola, 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo ikapanda pamoja nayo. Ringgit ya Malaysia ikaanguka sambamba na peso. Tazama maana yake kwenye dirisha la kupokelea fedha. Riyali 1,000 kutoka kwa mama anayefanya kazi za ndani Riyadh, zilizokuwa peso 7,000 kasoro kidogo, zikazidi 10,000. Ringgit 1,000 kutoka kwa mwenzake aliye Kuala Lumpur, zilizokuwa peso 10,000 na kitu, zikabaki palepale. Wote wawili walikuwa wameshaondoka kwao, na hakuna aliyechagua nchi kwa kubashiri msukosuko huo. Wataalamu huita hali hii jaribio la asili. Ningependelea kuiita jaribio la bahati.

Dean Yang, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alifuatilia kaya zaidi ya 1,600 za Kifilipino zilizokuwa na watu nje, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008. Sarafu ya alipo mhamiaji ilipopanda kwa asilimia 10 dhidi ya peso, fedha zilizofika nyumbani ziliongezeka kwa asilimia 6. Palipofika zaidi, watoto walisoma zaidi na saa zao za kazi zikapungua. Mtu atasema msukosuko wenyewe ulivuruga kila kitu; lakini kaya zote hizo ziliishi nchi moja iliyotikiswa na msukosuko uleule. Na wanaoshikilia kwamba fedha za diaspora huishia tumboni na kwenye harusi wajue kuwa matumizi ya kawaida hayakubadilika sana. Nyongeza ilionekana kwenye elimu na kwenye biashara ndogo za familia, kama vile za usafirishaji. Hayo yanaafikiana na hoja waliyoitoa wanauchumi Kaushik Basu na Pham Hoang Van mwaka 1998, kwamba mzazi humtuma mtoto kazini pale tu kipato cha wakubwa kinapokuwa chini ya mahitaji ya lazima, na kikivuka hapo humtoa.

Lipo pingamizi zito zaidi: mzazi akiondoka, si mtoto ndiye anayerithi ndoo na kuni? Mara nyingine ndivyo. Ila kaya za Yang zote zilikuwa zimekwisha kuachwa na mtu wao, hivyo kilichopimwa ni fedha peke yake. Kinachonishughulisha zaidi ni wakati fedha zinapofika. Huko Kagera, Tanzania, takwimu za 1991 hadi 1994 zilionyesha kwamba panya na wadudu walipoharibu mavuno, saa za kazi za watoto ziliongezeka, na kaya zenye mali ziliweza kuuzuia sehemu kubwa ya mzigo huo usiwafikie watoto. Kwa asiye na mali, ndugu aliye mbali ndiye akiba yake. Nchini Kenya, wanauchumi William Jack na Tavneet Suri waliona kwamba kaya zinazotumia M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu, zilipopatwa na ugonjwa au ukame matumizi yao hayakushuka, wakati ya wasioitumia yalishuka kwa asilimia 7. Lakini kutuma fedha kutoka nje kwenda Afrika kusini mwa Sahara hugharimu zaidi ya dola 8 kwa kila 100, na lengo la Umoja wa Mataifa ni kushuka chini ya 3 ifikapo 2030. Wizara za kazi na elimu zina sababu ya kulisimamia lengo hilo kama benki kuu zinavyolisimamia.